Daftari la Bi Nebahat

Alhamisi, theluji ikiwa bado juu ya reli za tramu,
Bi Nebahat aliingia, akakung'uta viatu mara tatu,
akasukuma daftari la shule chini ya kioo changu,
pale watu wanapopitisha noti.
Hakuwa na noti.
Alikuwa na maswali, ya penseli,
yamenyooka kama pindo la suruali,
maana miaka arobaini kashona sare za wanafunzi wa Eskişehir nzima.

"Nikinunua dola kwenye simu," alisoma,
"hiyo dola yenyewe iko wapi?"
Nikamwambia haipo.
"Nimelipia nini basi?"
Umelipia kupanda kwake. Au kushuka, ukipenda.
Akaandika: haipo. Akapiga mstari chini yake.

Nyuma yangu ubao wa bei ukapepesa.
Lira ikavua koti jingine.
Kijana mmoja kwenye foleni akaguna,
akaanza upya kuhesabu kodi ya chumba chake.

Kwa nini kila fedha ina bei mbili?
Hilo nalijua, ndilo linalonilisha:
moja ya kuingia, nyingine ya kutoka,
na mimi, mama, nakaa mlangoni.

Naweza kuuza nisichonacho?
Unaweza.
"Marehemu mume wangu alifungwa miezi minne kwa hilo hilo,"
alisema, wala hakutabasamu.

Akanionyesha simu. Mpwa wake Tolga kamfungulia akaunti ya majaribio,
dola elfu kumi za kuigiza,
na kwa wiki mbili zimefika elfu kumi na nne.
Mishumaa ya kijani, mishumaa myekundu,
hakuna hata mmoja unaomulika njia.
"Tolga anasema nina mkono mwepesi."
Kwenye mkono huo mlikuwa na bangili tatu za dhahabu,
nyembamba, za harusi,
zikigongana kila alipofunua ukurasa.
Wiki iliyopita zilikuwa nne.

Dalali ananipa mia nikiwa na moja. Ananijua?
Hakujui.
"Hikmet wa duka la mboga, jirani yangu tangu nivae shela,
hanikopeshi hata kilo ya vitunguu."
Nikamwambia: hizo mia zinatembea kwa miguu yako.
Zikijikwaa kidole tu, ile moja yako imekwenda.
Hilo hakuliandika.

Soko hulala saa ngapi?
Halilali, ila mwisho wa juma.
"Kama mgonjwa," akasema. "Na anayemuuguza?"
Ndipo nikayaona macho yake.

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ilikuwa na daftari.
Lina jalada jeusi, lina tarehe,
lina saa tisa na dakika kumi na moja za usiku,
pauni dhidi ya yeni, gari letu dogo jeupe,
na mke wangu akijigeuza kitandani,
akiuliza mbona chumba kina mwanga.
Habari zote zimo.

Swali la mwisho lilikuwa na ukurasa wake peke yake:
Wewe unayeshinda nazo kutwa, ulipata ngapi?

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mtu akakohoa.
Miaka kumi na tisa nimewajibu watu kwa tarakimu
kupitia tundu hili lisilotosha kiganja.
Nikavuta daftari upande wangu wa kioo,
nikaazima penseli,
nikaandika kiasi, na kabla yake
kijistari kile kifupi cha kutoa.

Alisoma. Akalamba kidole, akarudi kurasa za nyuma
hadi pale palipoandikwa haipo,
akapatazama kwa muda.
Kisha akavuta mkono wa sweta ukafunika bangili,
akaniuliza lisilokuwamo daftarini:

"Na mkeo, alishajua?"